Tusiwacheke Wanaume wa Nyeri

Huku kwetu Pwani, mtu akitaka kuwachekesha wenziwe barazani kabla kahawa haijapoa, huwataja wanaume wa Nyeri. Hana haja ya kusema mengi. Atasema tu kwamba fulani siku hizi amekuwa kama mume wa Nyeri, na wote watafahamu: mume aliyelewa chakari, akapigwa na mkewe, akalala nje kwenye umande, na asubuhi akaamka kumwomba mke huyo huyo pesa za kwenda kuzimua. Mwaka 2012, magazeti yalipojaa habari za wanaume wa huko waliojeruhiwa na wake zao, kicheko hicho kilifika hadi Lamu, na wako waliokitungia mashairi.

Naandika leo kukipinga kicheko hicho. Huruma peke yake ingetosha kuwa sababu, kwani kumcheka mgonjwa si katika mafunzo tuliyopewa. Lakini liko na jambo jingine. Kicheko kinatufanya tuamini kwamba ulevi ni tabia ya kabila fulani lililo karibu na mlima fulani, nasi tulio karibu na bahari tumesalimika. Nami nasema pombe haimuulizi mtu kwao. Inalolitaka ni mwili wake, na inauchukua kwa njia moja tu, awe amezaliwa Othaya au Mvita.

Nimefika Nyeri mara kadhaa kwa kazi hii ya kalamu. Ni mji wa baridi, uliojengwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya upande mmoja na milima ya Aberdare upande wa pili. Msidhani ni nchi isiyojua adhana. Waislamu wapo, msikiti upo mjini, na mtu wa Pwani akifika hapo hatakosa wa kumkaribisha. Na watu wa Nyeri si dhaifu hata kidogo. Mtoto wa huko hupanda na kushuka vilima tangu ajue kutembea. Hubeba maziwa, huchuma kahawa na majani ya chai, hulima mashamba yaliyolala ubavuni mwa mlima kama mkeka uliotundikwa ukutani. Catherine Ndereba alizaliwa huko. Ndiye aliyeshinda mbio za marathoni za dunia mwaka 2003 na tena 2007, akashinda za Boston mara nne, na mwaka 2001 huko Chicago akaweka rekodi ya dunia ya wanawake ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hewa na vilima alivyovipata Ndereba ndivyo walivyovipata kaka zake wa kijiji. Basi mtu ajiulize, imekuwaje katika nchi kama hiyo ukaona vijana wa miaka thelathini wameketi nje ya duka saa nne asubuhi, mashavu yamevimba, midomo imekuwa myekundu, miguu imekuwa kama ya korongo?

Wengine hujibu kwamba Wagikuyu ni walevi tangu zamani. Hilo si kweli. Walikuwa na pombe yao, muratina, iliyochukua jina la tunda la mti ule tunaouita huku mwegea. Tunda hukaushwa, likatiwa katika maji na asali, mpaka ikachachuka. Lakini ilikuwa pombe ya wazee na ya shughuli maalumu: mahari, kupatanisha waliokosana, kumkaribisha mkwe. Kijana hakuruhusiwa kuigusa, na mzee aliyelewa hovyo aliaibika mbele ya rika lake. Sisemi kwamba ilikuwa jambo jema. Kwetu sisi hata tone lake ni haramu, na mlango huo siufungui. Nasema tu kwamba ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa na watu waliojuana kwa majina.

Mpaka huo umevunjwa na mambo mengi, na mimi si mtaalamu wa uchumi nikayapima yote. Lakini mtu asiisahau kahawa. Baada ya jalidi kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda ajabu, na wakulima wa Nyeri walisomesha watoto na kujenga nyumba za mawe. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakigawia kila nchi kiasi chake cha kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Shamba lililomlisha baba likagawiwa wana wanne, kila mmoja akapata kipande cha kutosha nyumba na migomba michache. Kijana mwenye elimu yake ya sekondari akabaki nyumbani, hana kazi, hana shamba, na hana mahari. Huyo ndiye mteja aliyekuwa akingojwa.

Na alichouziwa si muratina tena. Pombe ya kuchachua ina kikomo chake cha asili, kwani chachu yenyewe hufa kileo kinapokaribia sehemu 15 katika mia. Pombe iliyokerekwa kwa moto haina kikomo hicho, nayo aghalabu hutiwa chupani ikiwa na sehemu 40 katika mia. Hebu tupige hesabu pamoja. Chupa ya Tusker ya nusu lita ina kileo asilimia 4.2, yaani mililita 21 za kileo kitupu. Kichupa cha robo lita cha pombe kali kina mililita 100. Kwa hivyo kijana aliyekitia kichupa hicho katika mfuko wa koti amebeba karibu bia tano, kwa bei iliyo chini mno ya bia tano, na anaweza kuzimaliza kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Wazee wake walikaa mchana kutwa na pembe moja wakizungumza. Yeye hata kuzungumza hakuwahi.

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapo ndipo penye hoja yangu. Kileo kikishaingia katika damu huenda kwenye ini, nalo hukigeuza kwanza kuwa sumu kali iitwayo asetaldehidi, kisha hujitahidi kuigeuza sumu hiyo iwe kitu kisichodhuru. Kazi hiyo ina kiasi chake. Mtu akizidisha siku baada ya siku, ini hujaa mafuta. Akiendelea, hufura. Akiendelea tena, hufanya makovu, likakakamaa na kusinyaa kama ngozi iliyoachwa juani. Hapo tumbo hujaa maji, macho huwa manjano, mishipa ya umio hufutuka, na siku moja mtu hutapika damu kwa bakuli. La kutia moyo ni kwamba ile hatua ya kwanza, ya mafuta, hurudi nyuma mtu akiacha. Hatua ya makovu hairudi.

Watu wengi wanayajua ya ini. Wasiyoyajua ni ya nguvu. Gramu moja ya kileo ina kalori 7, inakaribia mafuta ambayo yana 9, lakini ndani yake hamna protini wala vitamini. Mlevi hushiba asichokula. Misuli yake haijengwi, kwa sababu kileo chenyewe huuzuia mwili kuijenga, kwa hivyo mapaja na mikono hupungua nyama huku tumbo likitangulia mbele. Moyo, ambao nao ni msuli, hulegea na kutanuka, na mtu akawa anatweta kwa kupanda ngazi za ghorofa moja. Mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi. Usingizi wake huwa mzito mwanzo wa usiku na wa kukatikakatika alfajiri, kwa hivyo huamka amechoka kuliko alivyolala. Saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya ini zote zina uhusiano na pombe. Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika hilo likasema wazi kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na madhara kwa afya. Wallahi nilipoisoma habari hiyo nilitabasamu. Wazee wetu waliambiwa hivyo hivyo kitambo, bila ya darubini.

Na sasa nitasema la faragha, wanawake wa nyumbani watanisamehe. Pombe huuzwa kwa uanaume. Tazama matangazo yake: mwanamume mwenye kifua, ndevu, farasi au gari. Kisha tazama inavyofanya kazi. Ulevi wa muda mrefu hupunguza homoni ile inayomfanya mwanamume awe mwanamume, korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua, na nguvu za kitandani humwacha. Ini likishaharibika hushindwa kuondosha homoni ya kike iliyomo mwilini mwa kila mwanamume, na wako wanaoota matiti. Yule aliyeingia baa ili awe dume hutoka akiwa hivyo. Wake wa vijiji vya Kati wameandamana barabarani mara kadhaa kulalamikia jambo hilo hadharani, na nadhani ni katika mambo magumu kabisa ambayo mke anaweza kuyasema mbele ya kamera. Huku kwetu tukayafanya mzaha.

Hapa lakini niwe mwadilifu. Wako wanasiasa wanaosema kwamba shule za chekechea za huko zinakosa watoto kwa sababu ya pombe tu. Hiyo ni chumvi. Mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 3.4. Uzazi umepungua nchini kote kwa sababu ya masomo, gharama na uzazi wa mpango, na wake wa Nyeri wamesoma. Ubaya wa pombe hauhitaji kuongezewa uongo.

Atatokea mtu aniambie: mbona fulani anakunywa kila siku na bado ana nguvu zake? Jibu nitalitafuta mbali kidogo na Nyeri, kwa Wanandi, katika habari za Henry Rono. Mwaka 1978, kwa muda wa siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Olimpiki hakuipata, kwa kuwa Kenya iligomea michezo ya 1976 na ya 1980. Pombe ikamwingia. Mwaka 1981, akiwa amenenepa na akinywa sana, alivunja tena rekodi ya mita 5,000 huko Knarvik, Norway. Naam, huyo ndiye "fulani anakunywa na bado ana nguvu". Lakini hadithi haikuishia hapo. Ile ilikuwa rekodi yake ya mwisho. Mali ilimtoka, na mtu yule aliyeshangiliwa Ulaya nzima akafikia kuosha magari na kubeba mizigo ya wasafiri huko Marekani, na kulala katika makao ya wasio na nyumba. Baadaye aliacha, akafundisha vijana mbio, akaandika kitabu kueleza maisha yake yote bila kujificha. Alifariki Februari 2024. Ikiwa kifua cha Rono hakikuweza kuushinda ulevi, kifua chako na changu ni nini?

Hayo ni ya pombe iliyo safi, kama neno safi lafaa hapa. Iko nyingine ambayo haingoji miaka. Wauzaji wasio na imani huchanganya methanoli, spiriti ya viwandani, kwa kuwa ni rahisi na inalewesha. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huishambulia mishipa ya macho. Mnywaji huamka kesho yake akauliza mbona taa zimezimwa, na nje jua linawaka. Ajabu ya maneno ni kwamba jina la kileo katika lugha za Wazungu limetokana na Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, ule unaotiwa machoni kuyapendezesha.

Mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 130 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mei 2014 iliua zaidi ya 60 katika kaunti kadhaa, na Embu ndiyo iliyoumia zaidi. Februari 2024 ikaua watu wasiopungua 17 kijijini Kangai, Kirinyaga, na taarifa ya serikali ilieleza kwamba pombe ile ilikuwa imekamatwa zamani, ikawekwa kituo cha polisi kuwa ushahidi wa kesi, kisha ikatoka humo ikarudi kwa wanywaji. Msomaji asome tena sentensi hiyo.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 2010, ambayo watu waliiita Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati ule, iliiondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka 1980, ikataka itengenezwe kwa masharti, na ikaamuru mabaa yafunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Julai 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru pombe za bei nafuu zimwagwe katika eneo la Kati, na wabunge wakaongoza makundi kuvunja maghala. Rigathi Gachagua, mwana wa Mathira, alipokuwa Naibu wa Rais alilishikilia jambo hilo tangu 2023 kwa maneno makali. Kila mara pombe ilimwagika mtaroni, picha zikapigwa, na baada ya miezi ikarudi kwa jina jipya. Kwa maoni yangu kosa ni moja: walishughulika na chupa, wakamwacha mnywaji. Kiu yake haikumwagwa mtaroni.

Sasa turudi nyumbani. Utafiti wa NACADA, halmashauri ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliotolewa baada ya kazi ya mwaka 2022, ulilipa eneo la Magharibi nafasi ya kwanza kwa unywaji wa pombe, asilimia 23.8. La pili lilikuwa Pwani, asilimia 13.9. Kati, yenye Nyeri yake, ilikuja nyuma yetu kwa asilimia 12.8. Najua utasema: Pwani si Waislamu watupu, wako wagema na tembo lao la mnazi, wako wageni wa hoteli. Ni kweli. Lakini nawe unajua, kama nijuavyo mimi, nani hununua soda ya chupa ya plastiki akaimwaga nusu kabla ya kuingia kichochoroni. Tofauti yetu na Nyeri ni kwamba kule mlevi huonekana, na huku hufichwa. Na anayefichwa huchelewa kufika hospitali. Hufika tumbo limeshajaa maji, na nyumbani husemwa ana malaria sugu, au karogwa.

Chuoni tulifundishwa kwamba ulevi haukukatazwa kwa siku moja. Kwanza watu waliambiwa kwamba ubaya wake unaishinda faida yake. Kisha wakakatazwa kuikaribia Sala wakiwa wamelewa, na mwenye Sala tano hubakiwa na nafasi ndogo ya kulewa na kulevuka. Mwisho likaja katazo lenyewe katika Sura ya Al-Maida, na watu wa Madina wakaimwaga mitungi yao mpaka vichochoro vikatiririka. Mtu asiifanye habari hii kuwa ruhusa ya kunywa leo nusu na kesho robo, kwani katazo limeshakamilika. Lakini ni funzo juu ya namna ya kumshika mkono binadamu aliyezoea. Waliomwaga mitungi siku ile walikuwa wametayarishwa, na walikuwa wengi pamoja. Hakuna aliyeachwa peke yake na kiu yake huku wenzake wakimcheka.

Nalisema hili kwa sababu ya desturi moja mbaya tuliyo nayo. Ziko nyumba ambazo mlevi wao akizidi humfungia chumbani siku tatu au nne, na maji na Yasini, wakidhani wanamtibu. Dua ni njema, na wasiiache. Lakini mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka ukinyimwa ghafla hutetemeka, mtu huona wadudu na watu wasiokuwepo, hupata kifafa, na wengine hufa humo humo chumbani. Waliomzunguka husema ni mashetani yanamtoka. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali aachishwe chini ya macho ya daktari, kwa dawa na vitamini zinazohitajika, kisha ndipo jamaa na msikiti wamshike. Na maimamu wetu, ambao hutuhutubia juu ya adhabu ya mlevi kaburini, nawaomba Ijumaa moja wamwalike daktari Mwislamu, baada ya Sala, atueleze habari ya ini. Mwenye mgonjwa nyumbani na hajui aanzie wapi, NACADA ina simu ya msaada isiyotozwa pesa: 1192.